Kabla Hujasema "Ni Kweli" Kortini, Fikiria Ile Fomu ya PR



Swali linalotufikia sana siku hizi halitoki kwa mtu aliye ndani. Linatoka kwa kijana aliye nje, ana diploma yake, amefanya mtihani wa Kiingereza, amekusanya vyeti, ameanza kujaza fomu za makazi ya kudumu ya Canada, ile mnayoiita PR. Halafu anafika kwenye ukurasa fulani wa fomu na mkono unasita. "Nilishikwa kwenye msako, nikalala seli usiku mmoja. Niandike? Nisiandike? Nimeharibikiwa?"

Jibu letu ni hili. Kushikwa peke yake hakukuharibii. Kinachowaharibia vijana wengi ni maneno mawili wanayoyasema Jumatatu asubuhi mbele ya hakimu, wakiwa na njaa na usingizi, wakitaka tu kurudi nyumbani: "Ni kweli."

Mnaijua hiyo Jumatatu. Umenaswa Ijumaa usiku Majengo, au Kisauni, au Eastleigh. Katiba, kifungu cha 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini korti zikiwa zimefungwa unangoja siku ya kwanza zinapofunguliwa. Kwa hivyo unakula wikendi seli. Jumatatu mko ishirini kwenye benchi moja. Kuna mtu, mara nyingi ni mtu mwema tu anayekuonea huruma, anakunong'oneza: "Wewe kubali, utapigwa faini kidogo uende. Ukikataa utapelekwa Shimo la Tewa." Karani anasoma mashtaka mbio mbio. Unasema ni kweli. Jamaa wanachanga, faini inalipwa, saa nane uko nyumbani unaoga. Watu wanasema alhamdulillahi, yameisha.

Hayajaisha. Hapo ndipo yameanza, kwa sababu umetoka pale ukiwa mtu aliyepatikana na hatia, na alama zako za vidole ziko kwenye faili ya DCI pamoja na jina la kosa.

Hebu tuone Canada wanavyolisoma hilo jina la kosa, maana wengi hudhani ubalozi unaangalia ukubwa wa faini uliyolipa. La. Sheria yao ya uhamiaji na wakimbizi ya mwaka 2001, kifungu cha 36, inauliza kitu kingine kabisa: kosa hili ulilofanya Kenya, lingefanyika Canada, lingekuwa kosa gani na adhabu yake ya juu kabisa ingekuwa miaka mingapi? Kwa hivyo hata hakimu wa Mombasa alikuhurumia akakutoza kidogo, wao wanahesabu kwa kitabu chao.

Tuchukue mfano, jina ni la kubuni. Salim amegombana uwanjani baada ya mechi, Bombolulu. Ngumi moja, mwenzake akapasuka mdomo. Wamepelekwa kituoni, Salim akaandikiwa shtaka la kumpiga mtu na kumjeruhi, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu yetu. Kwetu kosa hilo ni la miaka isiyozidi mitano, na kwa kawaida kijana asiye na rekodi hatupwi jela. Salim anasema ni kweli, analipa shilingi 10,000, anaenda. Sasa vuka bahari. Canada wana kosa linalofanana nalo, kumpiga mtu na kumsababishia jeraha, kifungu cha 267 cha sheria yao ya jinai, na adhabu yake ya juu ni miaka kumi. Na miaka kumi ndio mstari. Kosa lolote la nje ambalo kwao lingefikia adhabu ya juu ya miaka kumi au zaidi linawekwa kwenye kundi la uhalifu mzito. Salim wa ngumi moja ameingia kundi moja na mwizi wa mabavu. Afisa atapima mazingira ya tukio, ndiyo, na wakili anaweza kubishana kwamba lile pigo lilikuwa la kawaida tu. Lakini ubishi huo unafanyika kwa pesa, miaka, na machozi, wakati siku ile kortini kulikuwa na njia ya kutoka bila hukumu yoyote. Tutaifikia.

Chini ya mstari wa miaka kumi kuna kundi la pili, uhalifu wa kawaida. Wizi mdogo uko hapo, na kupigana kusiko na jeraha kuko hapo. Hukumu moja tu ya kosa la aina hiyo inatosha kukufungia mlango, ila mlango huo unaweza kufunguka. Tukija kwenye makosa ya sheria ndogo za kaunti, yaani kuuza maji barabarani bila leseni, kuegesha tuktuk pasipofaa, kuvuka penye kukatazwa, hapo msihangaike sana: Canada wanahesabu makosa ambayo kwao yangekuwa chini ya sheria ya Bunge la taifa lao, sio sheria za manispaa. Kuyataja kwenye fomu utayataja ukiulizwa, lakini hayo hayamfungii mtu PR.

Bangi ndiyo inayowachanganya watu. Canada waliihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, basi mtaani mtu anasema, kwa nini wanizuie kwa kitu wanachokiuza madukani? Kweli, mtu mzima aliyehukumiwa kwa msokoto wake mmoja wa kuvuta ana hoja nzuri. Lakini soma karatasi ya mashtaka vizuri. Mara nyingi kijana ananaswa na misokoto michache na kinachoandikwa ni ulanguzi. Akiambiwa akubali, anakubali, kwa sababu kichwani mwake anakubali ile bangi, hakubali biashara. Canada kuuza bangi bila kibali ni kosa la hadi miaka 14. Neno moja kwenye karatasi limekutoa kwenye kundi la wasio na neno likakutupa kwenye uhalifu mzito. (Hukumu ya kisheria ni moja, hukumu ya dini yetu mnaijua, na sio mada ya leo.)

Na kwa madereva: kuendesha gari ukiwa umelewa, tangu tarehe 18 Desemba 2018, Canada wameipandisha hadi miaka kumi. Nalo ni kosa zito. Wengi wenu litawapita kando inshallah, lakini tuna ndugu ambao hawajapitwa nalo, na tukinyamaza hatuwasaidii.

Je, aliyekwisha kuhukumiwa afanye nini? Kuna kitu wanakiita kurekebika. Kama ni kosa moja la lile kundi la kawaida, miaka kumi ikipita tangu umalize adhabu yako yote bila kosa lingine, unahesabiwa umerekebika. Kama ni kosa zito, miaka peke yake haitoshi. Unangoja miaka mitano tangu umalize adhabu, kisha unaomba rasmi, na ada ya ombi hilo la kosa zito ni zaidi ya dola 1,000 za kwao. Hata wa kosa la kawaida anaweza kuomba hivyo baada ya miaka mitano asipotaka kungoja kumi. Angalia neno "kumaliza adhabu". Saa inaanza kuhesabu siku ulipolipa faini au ulipomaliza kifungo cha nje. Kwa hivyo tunza risiti ya faini kama unavyotunza kitambulisho.

Sasa turudi kwa yule wa seli usiku mmoja, aliyeachiliwa bila kushtakiwa, au aliyeshtakiwa na kesi ikaanguka. Huyu kwa Canada hana hukumu, na wengi wa aina yake wanapita. Kinachowaangusha ni uongo. Ile fomu ya maelezo ya kibinafsi haiulizi tu kama umewahi kuhukumiwa. Inauliza kama umewahi kuzuiliwa au kuwekwa ndani. Usiku mmoja kituo cha Makupa ni kuzuiliwa. Ukiandika "hapana" na wao wakapata vingine, umeingia kifungu cha 40, udanganyifu, na adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano bila hata kuruhusiwa kuomba PR. Fikiria hasara hiyo: kisa ambacho kisingekudhuru kimekugeuza mwongo kwenye maandishi, na wewe ndiye uliyejaza kwa mkono wako.

Andika "ndiyo". Eleza kwa mistari sita: tarehe, kituo, walichodai, kilichotokea, ulitoka lini, kesi iliishaje. Ambatanisha karatasi. Usihutubie, usilie, usiwatukane polisi hata kama walistahili. Afisa anayesoma hajui msako wa Kisauni ni nini na hana haja ya kujua zaidi ya hapo.

Kuna wenzetu ambao jambo lao ni zito zaidi, na hatuwezi kulifunika. Mwezi wa Februari 2014 zaidi ya vijana mia moja walikamatwa Masjid Musa hapa Mombasa. Aprili mwaka huo huo ukaja ule msako wa Usalama Watch, watu wakazuiliwa kwa maelfu, wengi wao Wasomali, hadi uwanja wa Kasarani ukageuzwa kizuizi. Mwaka 2025 tumeona tena vijana wa maandamano wakisomewa mashtaka ya ugaidi. Mtu anaposhtakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 halafu akaachiliwa, sisi tunamkumbatia tunasema haki imetendeka. Lakini kwa upande wa usalama wa taifa, kifungu cha 34 cha ile sheria ya Canada hakihitaji hukumu. Kinatosheka na sababu za msingi za kuamini. Ndiyo maana tunapopiga kelele polisi wanapotumia neno ugaidi kwa kijana aliyerusha jiwe, au ambaye hata jiwe hakurusha, hatupigi kelele za siasa tu. Shtaka hilo hata likifa, linaacha kivuli, na maafisa wa nchi za nje hawaoni jua lilikuwa upande gani. Kama wewe ni mmoja wao, usijaze fomu peke yako. Hukumu nzima iliyokuachilia, na sio ukurasa wa mwisho tu, ndiyo silaha yako. Ukiwa na aya ambapo hakimu anasema ushahidi haukuwepo, hiyo aya ina thamani kuliko barua kumi za wazee wa mtaa.

Wanaofuata waume, wake au wazazi Marekani, hesabu yenu ni nyingine na kwa sehemu fulani ni kali zaidi. Fomu yao ya visa ya uhamiaji inauliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa baadaye. Msamaha wa Rais haukupi ruhusa ya kujibu hapana. Bangi kwa serikali yao kuu bado ni dawa iliyopigwa marufuku, hata kama majimbo yanauza. Hukumu ya bangi inakufungia, na kuna upenyo mmoja tu mwembamba kwa aliyepatikana mara moja na gramu 30 au chini yake za kutumia mwenyewe, tena kwa kuomba. Na wizi! Wana msamaha wa kosa dogo, lakini unamfaa mtu ambaye kosa lake adhabu yake ya juu haizidi mwaka mmoja na yeye hakupewa zaidi ya miezi sita. Wizi wa kawaida kwetu, kifungu cha 275, adhabu yake ya juu ni miaka mitatu. Kwa hivyo kijana aliyekubali wizi wa simu akalipa faini ya elfu tano amekosa ule msamaha, sio kwa faini yake bali kwa miaka mitatu ambayo hakupewa.

Ninyi wa Gulf mtasema haya hayawahusu, kule hakuna PR bali mkataba. Yanawahusu kwa mlango wa nyuma. Canada wanataka cheti cha polisi cha kila nchi uliyokaa miezi sita au zaidi mfululizo ndani ya miaka kumi iliyopita, ukihesabu tangu ulipofika miaka 18. Dada aliyefanya kazi Riyadh miaka miwili atahitaji cheti cha Saudia. Ukiwa bado uko kule, kitafute kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Ukiwa umesharudi Likoni, ni kazi.

Kuhusu cheti cha kwetu, cha tabia njema, mnajua njia: eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu, unapigwa vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu. Ushauri wetu ni ukitoe mapema, kabla hujalipa hata senti ya mtihani wa lugha, ujue kuna nini ndani. Kwa maombi ya Canada cheti cha nchi unayoishi kinatakiwa kiwe hakijapita miezi sita unapotuma, kwa hivyo huenda ukakitoa mara mbili. Elfu moja ya kujua ukweli si hasara.

Kwa nini mapema? Kwa sababu kesi inaweza kufa kortini na ikabaki hai kwenye mafaili. Unaachiliwa, unarudi nyumbani, hakuna mtu anayebeba ile habari kutoka kwa karani hadi DCI. Miaka mitatu baadaye unaomba cheti na unakutana na shtaka lako limekaa pale kama lina kesho. Hili ndilo linalotuudhi kuliko yote, wallahi. Serikali ina njia ya haraka ya kupeleka vidole vyako kwenye faili siku unaposhikwa, lakini habari ya kwamba hukuwa na hatia unaachiwa wewe uibebe kwa matatu. Ingekuwa kazi ya korti na polisi kuifuta bila kuombwa. Bunge lingekuwa limeshatunga sheria ya makosa madogo kufutika baada ya muda fulani wa mtu kukaa vizuri. Uingereza wanayo sheria ya namna hiyo tangu 1974. Sisi kijana aliyelipa faini akiwa na miaka 19 anaibeba akiwa na watoto.

Mpaka hilo lipatikane, tumia kilichopo. Kifungu cha 35(2) cha Katiba kinampa kila mtu haki ya habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki kama hiyo juu ya data yako. Nenda kwenye masjala ya korti uliyoshtakiwa na namba ya kesi, omba nakala ya hukumu au ya agizo, igongwe muhuri wa korti. Iandikie DCI barua, ambatanisha, weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndiyo yenye jukumu la sheria ya upatikanaji wa habari, au kwa Kamishna wa Data. Inachosha, lakini inafanyika.

Ukiipata hiyo karatasi, soma uliachiliwa kwa kifungu gani. Ikiwa ni 210 au 215 vya sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, umeachiliwa kabisa kwa kukosa ushahidi. Ikiwa ni 202, mlalamishi hakuja, na hiyo nayo ni kuachiliwa kabisa. Ikiwa ni 204, mlalamishi aliondoa malalamiko yake, vivyo hivyo. Lakini ukiona 87(a), kaa macho: upande wa mashtaka uliondoa kesi, na ikiwa iliondolewa kabla hujaitwa kujitetea, sheria inawaruhusu kuirudisha. Vijana wengi wa maandamano wametoka kwa 87(a) wakapiga picha nje ya korti vidole viwili juu. Furahini, lakini mjue mmebeba karatasi ya aina gani, na muieleze hivyo hivyo kwenye fomu.

Turudi kortini Jumatatu, kwenye ile njia tuliyosema.

Kwanza, hofu ya rumande. Hofu hiyo ni ya haki, hatumlaumu aliyekubali kwa sababu hakuwa na wa kumdhamini. Ila wengi wanatishwa na kitu ambacho hakipo. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya misako ya usiku yako humo. Akikuambia utaenda Shimo la Tewa, muulize, kosa hili ni la miezi mingapi? Kwa makosa makubwa kuliko hayo una haki ya dhamana kwa masharti ya busara, na ukishindwa na kiasi, unaomba kipunguzwe. Unaomba siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, hata bila wakili.

Pili, lugha. Mashtaka yasomwe kwa lugha unayoielewa. Mkalimani ni haki yako bila malipo. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973 ndiyo msingi mpaka leo: ukisema ni kweli, kiongozi wa mashtaka lazima aeleze tukio lilivyokuwa, na wewe upewe nafasi ya kulikana au kulieleza. Ukisema "ni kweli lakini alinianza yeye", au "ni kweli bangi ilikuwa yangu lakini sikuwa nauza", hakimu anatakiwa aandike kwamba umekana. Kwa hivyo aliyewahi kukubali bila kuelewa, au kwa haraka hizo, asikate tamaa. Kwa kawaida aliyekiri hakati rufaa ila juu ya adhabu, lakini kukiri kusikofuata utaratibu huo Mahakama Kuu imekuwa ikikutengua. Muda wa rufaa ni siku 14. Ukipita unaweza kuomba uongezwe kwa sababu ya maana, au uombe Mahakama Kuu iipitie kesi. Msamaha wa Rais wa kifungu cha 133 upo pia, lakini kama tulivyoona hapo juu, ubalozi hauuchukulii kama kufutika.

Tatu, sulhu. Hii ndiyo njia ya Salim. Kifungu cha 176 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinairuhusu korti kuhimiza sulhu katika kesi ya kupigana au kosa jingine la kibinafsi lisilo kubwa, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inataka hivyo. Salim angekana shtaka, akaomba tarehe, wazee wa pande mbili wakakaa, akalipa matibabu ya mwenzake, akaomba radhi, mlalamishi akarudi kortini akaondoa malalamiko. Hakuna hukumu. Pesa zenyewe huenda zingekuwa zile zile elfu kumi, ila zingeenda kwa aliyepasuka mdomo badala ya serikali, na miaka minne baadaye Salim angejaza fomu yake: nilizuiliwa, nilishtakiwa, tulisuluhishwa, korti ikaniachilia, karatasi hii hapa.

Na nne, mawakala. Kuna watu wanaokaa karibu na ofisi wakikuahidi kwa elfu kumi na tano watakupa cheti safi. Cheti cha kughushi ni kile kifungu cha 40 tulichokisema, juu yake kosa jipya hapa nyumbani. Na hizo elfu kumi na tano zinatosha nakala za korti, nauli, cheti halali na chenji ya chakula.

Neno la haraka kwa mliokwisha kufika. PR sio uraia. Ukiwa PR Canada na ukahukumiwa huko kifungo cha miezi sita au zaidi, unaweza kuagizwa kuondoka na usiwe hata na haki ya rufaa kwenye baraza lao la rufaa za uhamiaji. Kule kuna kesi iliyojulikana nchi nzima, ya kijana wa asili ya Kisomali aliyeletwa akiwa na miaka sita, akalelewa mikononi mwa serikali ambayo haikuwahi kumwombea uraia, na baada ya kifungo wakataka kumpeleka Somalia asikowahi kuishi. Aliokolewa mwaka 2018 baada ya korti kuingilia na watu kuandamana. Siku zako za uraia zikitimia, omba, na waombee na watoto.

Kama kesi yako inatajwa wiki hii Mombasa, Shanzu, Makadara au Garissa na huna wakili, tuandikie leo: jina la korti, namba ya kesi, na picha ya karatasi ya mashtaka iliyo wazi, pande zote mbili. Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, nayo haitozi asiye na uwezo. Na jina uandike lilivyo kwenye kitambulisho, kama ni Mohamed iwe Mohamed na kama ni Muhammad iwe Muhammad, kila karatasi, kwa sababu kina Mohamed Ali Hassan ni wengi na si wote wana rekodi safi kama yako.